Mita 60 kutoka wapi? Maswali yenu kuhusu kujenga ufukweni

Niliandika hapa majuzi kwamba halmashauri za mwambao wa Ziwa Victoria hazina budi kupitia upya michoro yao ya matumizi ya ardhi ya ufukweni, kwa kuwa ziwa lililochorwa si hili tunaloliona. Maswali yamemiminika. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache.

Nina hati ya 1998. Ukuta wangu uko kama mita 40 kutoka majini. Nitaondolewa bila fidia? (Msomaji, Ilemela)

Hati haifutiki yenyewe kwa sababu sheria imebadilika. Katazo unaloliogopa liko kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe, zisifanyike ndani ya mita 60. Hati yako ilitangulia. Serikali ikitaka kuitwaa ardhi yenye hati halali, kuna utaratibu, na fidia imo ndani yake.

Shida yako iko kwingine. Nyumba iliyopo ni habari moja, ghorofa unayoiwaza ni nyingine. Kibali cha ujenzi utakiomba leo, kwa sheria ya leo, na hapo mita 40 zitakukwamisha. Kabla hujamlipa fundi, chukua nakala ya hati na ramani ya upimaji, nenda kwa afisa mipango miji, uombe jibu kwa barua. Jibu la mdomo pale kwenye korido halina mhuri.

Kwa mliouziwa viwanja vya ufukweni baada ya 2004 kwa karatasi ya mtaa tu, sitawadanganya: msimamo wenu ni dhaifu sana.

Hizo mita 60 zinaanzia wapi? Mpima wangu alianzia kwenye matete, afisa mazingira akaanzia juu kwenye mchanga mkavu. Tofauti ni kiwanja kizima! (Msomaji, Magu)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kila mtu huanzia ukingo wa maji anaoukuta siku aliyofika na futi kamba. Lakini ukingo unahama. Mwaka 2006 ziwa lilishuka vibaya kwa ukame na kwa maji yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, ziwa linapotokea kuingia Mto Nile, na watu wakalima mahindi mahali walipokuwa wakitega nyavu. Halafu mvua za 2019 zikaja. Kuanzia Oktoba mwaka ule hadi Mei 2020 maji yalipanda takribani mita 1.3, na kipimo cha Jinja (alama za pale za kusomea maji, si kina cha ziwa) kikasoma mita 13.42. Rekodi ya zamani, ya 1964, ilikuwa 13.41. Wazee waliokuwa wakisimulia mafuriko ya wakati wa Uhuru, tukawaona wanatia chumvi, walistahili kuombwa radhi.

Sasa piga hesabu. Chukua ufukwe tambarare ambao kila ukitembea mita 50 ardhi inapanda mita 1. Maji yakipanda mita 1.3, yanaingia nchi kavu mita 65. Aliyejenga palepale mita 60 zinapoishia, kwa kufuata sheria, maji yanamkuta sebuleni na mita tano za ziada. Niliona hivyo mwaka ule kwa jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mpera wake ulisimama majini hadi kiunoni, watoto wakavua kambare chini yake, na yeye ameshika faili lenye vibali vyote. Hakukosea popote.

Nenda upande wa pili, Capri Point, jijini Mwanza, kwenye majabali. Mita 1.3 hiyohiyo inalowesha jiwe tu. Pale mita 60 zinapanda kilima na kumzuia mtu ambaye maji hayatamfikia hata mara moja. Mkanda mmoja unamwacha wa tambarare azame na unambana wa mlimani bure.

Kenya, kwenye kanuni zao za maji za 2007, walianzia kwenye kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa, kisha wakahesabu mita 2 za wima au mita 30 za ulalo, ile iliyo fupi. Hiyo mita 30 naiona ndogo. Ila mahali pa kuanzia wamepatia, na hapo ndipo ningependa michoro yetu mipya ianzie: kiwango cha juu kilichorekodiwa kihamishiwe ardhini, bikoni (alama za mpaka) za zege zenye namba zichimbiwe, na kila mpima aanzie hapo, maji yawe yamejaa au yamekauka. Katazo la mita 60 hubadilishwa bungeni, sawa. Lakini kifungu hichohicho kinampa waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli za ndani ya eneo lile, na halmashauri ina uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi kwenye mpango wake kwa masharti makali zaidi pale panapofurika. Hapo hapahitaji kusubiri Bunge.

Sisi tunaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Wakisema mita 60, na chanja zetu zing'olewe? (Mama wa dagaa, Sengerema)

Hapana, mama, na usikubali kutishwa. Chanja ya miti na nyavu si jengo la kudumu, unaihamisha mchana mmoja. Mtumbwi hauwezi kuegeshwa mita 60 kutoka majini. Kinachonitia wasiwasi kwako ni rangi za ramani. Mara nyingi mchoro unaupaka ufukwe wote kijani, ukiandikwa "eneo la wazi", na mwalo ambao bibi zenu waliutumia hauonekani popote. Baadaye anakuja mtu na mradi wa hoteli, anabadilishiwa matumizi ya lile eneo la wazi, na senyenge inakata njia yenu ya kushukia majini. Kwa hiyo dai mambo mawili yachorwe: mwalo wenyewe kwa jina lake, na njia ya kuufikia. Upana wa njia uandikwe kwa mita, ndoo mbili za dagaa kichwani zipishane. Madai hayo myapeleke kupitia kikundi chenu cha usimamizi wa uvuvi, siyo mmojammoja.

Jirani anamwaga kifusi ziwani kila usiku ili aongeze kiwanja. Nifanye nini?

Piga picha, andika tarehe, peleka kwa ofisa mtendaji wa mtaa, NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Usigombane naye. Na asikudanganye kwamba ardhi aliyoijaza ni yake: ramani yake ya upimaji inaishia pale bikoni zake zilipo.

Waganda wana mita 200. Kwa nini tusiige? (Msomaji, Bukoba)

Ni kweli, kanuni zao za 2000 zinaweka mita 200 kwa maziwa makubwa, Victoria likiwemo. Nenda ukatazame fukwe za Entebbe na Kampala, uhesabu majengo. Namba kubwa isiyolindwa ni mapambo. Sisi hizi 60 zenyewe zinatushinda.

Rasimu ya mpango imebandikwa ofisi ya kata, lakini ni rangi tupu, sielewi kitu. (Msomaji, Musoma)

Anza chini pembeni kwenye ufunguo wa rangi, kisha kipimio. Tafuta kitu unachokijua, shule au kona ya barabara, uhesabu kutoka hapo hadi kwako. Kama bado hupaoni, mwite mchoraji akuonyeshe kwa kidole, ni kazi yake. Tazama tarehe ya mwisho ya maoni kwenye tangazo lenyewe, usiisikie kwa bodaboda. Maoni yaandikwe, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Na kama maji yalikufikia 2020, nenda na picha. Kama huna picha, ule mstari wa kahawia uliobaki ukutani usiupake rangi kwanza. Pima urefu wake kutoka sakafuni, uandike, umwombe mwenyekiti wa mtaa aje auone.