Giza lote lile la nini?

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Unasema mlisimamishwa pale Louvre, jumba la makumbusho la Paris, mbele ya picha aliyoichora Mfaransa Théodore Rousseau, jua likizama ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, mwalimu wenu akausifu mwanga wake hadi ukachoka. Wewe uliona giza na ng'ombe wachache tu, ukaniuliza huo mwanga uko wapi.

Uko palepale katikati, ulipouona mdogo. Rangi ya mafuta haiwaki, mwanangu. Njano kali kuliko zote haikaribii jua hata kidogo, kwa hiyo mchoraji hana budi kuvififisha vingine vyote. Ndiyo maana Rousseau kaijaza miti mbele, myeusi ya kahawia, matawi yakakutana juu kama mlango. Katikati kaacha uwazi: uwanda, dimbwi, ng'ombe, na anga ya rangi ya chungwa. Rudi ukasimame pale, uzibe uwazi huo kwa kiganja mpaka macho yazoee kiza. Utaanza kuona magome, majani, kijani kilichofifia. Halafu uondoe mkono ghafla. Nadhani utakunja uso.

Ukubwa nao una kisa chake. Picha ina upana wa karibu mita 2, na iliagizwa na serikali ya Ufaransa. Kabla ya hapo waamuzi wa Salon, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, walimkataa Rousseau miaka na miaka, mpaka watu wakambandika jina la Mkataliwa Mkuu. Mapinduzi ya 1848 yakamwondoa mfalme, na serikali mpya ikampa kazi hii. Mwingine angechora vita au mashujaa ili awakomeshe waliomdharau. Yeye akachora mifugo jioni. Hapo ndipo ninapompendea, ingawa mama yako anasema ni ukaidi tu.

Na msitu wenyewe aliupigania usikatwe. Mwaka 1861 zaidi ya hekta 1,000 zikatengwa zibaki kama zilivyo, kwa ajili ya wachoraji.

Ukienda kumtembelea dada yako London, pitia makumbusho ya Wallace Collection, kiingilio ni bure. Wanayo pacha ya picha hii, msitu uleule lakini asubuhi. Iangalie vizuri, uniandikie ni ipi yenye kiza zaidi.

Baba yako