Kwa Mnaoanza Kazi na Vijana Waliorudi kutoka Somalia

Kila mwaka tunapokea wapya huku Kwale, Pwani ya Kenya: maafisa wa probesheni, wahudumu wa jamii, mawakili waliotoka chuoni juzi. Mnakuja na moyo, na moyo huo tunauhitaji sana. Mimi nimekaa na vijana waliorudi kutoka kwa al-Shabaab, na zaidi nimekaa na mama zao, tangu 2015, sehemu kubwa kati ya Likoni na Msambweni. Nikiambiwa nichague neno moja la kuwapa kabla hamjabisha hodi kwa mtu, ni hili: usimwahidi mtu usalama ambao hauko mikononi mwako.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi niliahidi.

Ilikuwa Aprili 2015. Tarehe 2 mwezi huo watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph Nkaissery, alitangaza kwamba vijana waliojiunga na al-Shabaab na wanaotaka kurudi wajisalimishe ndani ya siku 10, watasamehewa. Muda ule ukaja kuongezwa. Redio zote zililisoma tangazo lile.

Jioni moja mama mmoja wa Ukunda, muuza mahamri, alinivuta pembeni. Mwanawe alikuwa amerudi, wiki ya tatu amejificha chumba cha nyuma kwa shangazi yake. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa ofisi. Nikimtoa, hawatamfanya kitu?" Nikamjibu bila kufikiri, "Mama, waziri mwenyewe amesema. Hakuna atakayemgusa."

Tulikwenda na kijana kujisalimisha asubuhi, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Akachukuliwa maelezo, akapelekwa kwingine, na kwa siku 11 si mimi si mamake tuliyejua yuko wapi. Alirudi hai, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakurudi. Mama yule hakunitukana hata siku moja. Nikipita bado alinifungia mahamri, lakini hakuniita mwanangu tena.

Nilikaa na jambo lile muda mrefu nikitafuta nilipokosea, na nataka mlielewe sawasawa. Msamaha ule ulikuwa kauli. Haukuwa sheria. Haikuandikwa popote nani anasamehewa, anasamehewa kosa lipi, na siku ya 11 inakuwaje. Wakati huohuo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilikuwa palepale, nayo inasema uanachama tu wa kundi la kigaidi unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 30. Marekebisho ya Desemba 2014 yaliongeza makali: ukivuka kwenda nchi ambayo waziri ameitaja kuwa ya mafunzo ya ugaidi bila kupitia kituo cha uhamiaji, unachukuliwa kuwa ulikwenda kupata mafunzo ya ugaidi, na ni juu yako kuonyesha vingine. Kwa hiyo kijana yuleyule alikuwa amesamehewa kwenye redio na ana hatia kwenye kitabu. Askari wa zamu mbele yake ana kitabu. Ukilijua hilo, hutamwona askari kuwa mtu mbaya kwa kukifuata, na hutamdanganya mama wa watu.

Angalieni wenzetu wa Somalia, pamoja na shida zao zote. Mogadishu kuna kituo cha Serendi, na Baidoa na Kismayo pia kuna vituo. Anayejisalimisha huchujwa kwanza: asiye hatari sana hupelekwa kituoni, na anayehesabiwa kuwa hatari hupelekwa mahakama ya kijeshi. Vituo hivyo vimelaumiwa kwa mengi, na wanaolaumu wana hoja. Lakini angalau mama anaonyeshwa mlango. Huku kwetu mlango ulikuwa mdomo wa mtu, na mtu huhamishwa kituo.

Ndiyo maana wengi waliingia kimyakimya. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilikadiria mwaka uleule wa 2015 kwamba watu 700 hivi walikuwa wamesharudi Kenya. Mwaka 2016 HAKI Africa, shirika la haki za binadamu la Pwani, nao wakatoa orodha ya visa 81 vya mauaji na kutoweka kwa watu wa Pwani tangu 2012, wakivinyooshea kidole vyombo vya usalama. Kijana uliyeketi naye leo anaijua orodha hiyo kuliko wewe, maana huenda mmojawapo alikuwa rafiki yake. Na upande wa pili kuna wenzake wa zamani, ambao kwao aliyerudi ni msaliti. Ndiyo sababu anakaa akitazama mlango. Ndiyo sababu pikipiki ikipunguza mwendo nje usiku, mazungumzo hukatika. Usimuulize kuna nini. Ngoja pikipiki ipite.

Baadaye mambo yaliandikwa. Septemba 2016 ukazinduliwa Mkakati wa Kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali, chini ya Kituo cha Kitaifa cha Kupambana na Ugaidi, kisha Kwale, Mombasa na Lamu zikatoa mipango yao ya kaunti. Isomeni mipango hiyo. Watu wa huku walishiriki kuiandika na ina mengi mazuri. Ila mpango wa kaunti haumsamehei mtu kosa la jinai, na hili lisemwe wazi siku ya kwanza.

Basi utaahidi nini? Ahidi kilicho mkononi mwako. Kwamba utakwenda naye, na wakili atajua kabla hamjatoka nyumbani. Kwamba utaandika saa mliyofika na jina la afisa aliyewapokea. Kwamba simu yako itapokelewa saa nane za usiku. Mweleze mama sheria kama ilivyo: Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata, lakini kwa kesi za ugaidi mahakama inaweza kuruhusu azuiliwe zaidi, hadi siku 90. Ni maneno mazito kumwambia mzazi. Mwambie hivyo hivyo. Mama anayejua kwamba mwanawe amefikishwa mbele ya hakimu na kuna tarehe, hatazunguka mochari akifunuliwa mashuka.

Sasa niwaambie kuhusu karatasi, kwa sababu hapa ndipo wapya wengi wanapoharibu kwa nia njema. Tuliwahi kuitisha mkutano wa vijana kumi na wanne. Ukumbi mzuri, chai na mbaazi, bango ukutani. Kabla hatujaanza, karatasi ya mahudhurio ikazungushwa kama kawaida: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Kijana wa tatu aliipokea, akaisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akaweka kalamu juu yake taratibu na kutoka nje. Hakugomba. Tulipomaliza dua ya kufungua walikuwa wamebaki sita. Sisi tuliitaka karatasi ile ili tuonyeshe wafadhili nauli imekwenda wapi. Wao waliiona ni orodha ya watu kumi na wanne wanaoweza kufuatwa majumbani. Na walikuwa sahihi, kwa sababu hata sisi hatukuweza kuwaambia karatasi ile ingelala kwenye kabati la nani. Tangu siku ile tunatumia herufi na nambari, jina analijua mtu mmoja, na hakuna picha. Ukiletewa mradi unaodai picha za sura, ukatae, hata kama una pesa.

Majirani nao msiwasahau. Kwale wamezikwa wazee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa, waliouawa kwa kudhaniwa wanapeleka habari. Mjane wa mzee kama huyo anaishi nyumba ya nne kutoka kwa kijana unayemtembelea, anakuona ukiingia huko kila Alhamisi na kwake hujawahi kubisha. Nendeni kwake kwanza. Si kwa kumwomba asamehe, hiyo si kazi yenu na hakuna aliyewatuma. Nendeni mkae naye. Na mkija kugawa mitaji, cherehani au pikipiki, msiwape waliorudi peke yao. Kijana mmoja aliyebaki nyumbani alinisimamisha Diani akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nisiyekwenda popote ndiye niliyekosea?" Sikuwa na jibu, na mgao uliofuata tuliupanga kwa mtaa mzima.

La mwisho ni la wanawake, ambao serikali na sisi tulichelewa kuwaona. Wapo waliofuata waume, wapo waliodanganywa na ahadi ya kazi, wapo waliotekwa. Tangazo la 2015 lilisema vijana, na kila mtu akasikia wavulana. Wanawake wakarudi na watoto, wakajifungia. Ujue kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inamfanya mtoto kuwa raia ikiwa mama au baba ni Mkenya, hata akizaliwa nje ya nchi, na kwamba mama anaweza kumwandikisha mtoto bila jina la baba. Wengi hawalijui hilo, na baadhi ya makarani wanasahau kulisema.

Kuna dada mmoja aliyerudi na mimba, akajifungulia nyumbani kwa mkunga kwa kuogopa kuulizwa kliniki baba ni nani. Mtoto alifika miaka minne hana cheti, na shule ya chekechea ilikuwa inakitaka. Tulizunguka miezi mitano, barua ya chifu, kiapo, rudi kesho. Siku tulipokipata alilisoma jina la mwanawe kwa sauti ndogo mara mbili, akakikunja ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko akautia kifuani. Kisha akaniuliza kuhusu kitambulisho chake mwenyewe, kilichopotea huko alikokuwa.

"Nikienda kuomba kingine, hawatanishika?"

Nikamwambia, "Dada, hilo siwezi kukuahidi. Naweza kwenda nawe, na wakili awe amekaa nje."

Alinyamaza kitambo akimfunga mtoto leso mgongoni. Akaniuliza, "Jumatatu ama Jumanne?"