Naomba tiketi za timu yetu, naletewa za ofisi nzima

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko helpdeski ya IT kwenye ofisi moja hapa Mwanza, tunatumia ServiceNow, ule mfumo wa kupokea na kufuatilia tiketi, yani maombi na malalamiko ya watu. Kila Ijumaa bosi anataka orodha ya tiketi za timu yetu ambazo hazijaisha, nimechoka kukopi kwa mkono nikaandika skripti ya Python ivute kupitia API, yani mlango wa programu kuongea na mfumo. Inavuta fresh, haitoi eror yoyote, ila inaleta tiketi za idara zote mpaka za watu wanaolalamikia AC. Halafu kuna tiketi niliipokea mwenyewe usiku wa zamu saa nane, Jumanne, kwenye data inasoma Jumatatu. Sharti nimeandika hivi: active=true^assigned_group=IT Mwanza. Nakosea wapi?
Mdau wa Mwanza

JIBU: Mdau, umeponzwa na spelingi tu. Hiyo fildi ya kikundi kilichopewa tiketi haiitwi assigned_group, inaitwa assignment_group. Utauliza sasa mbona haikunigombeza, ndo ilivyo hiyo, ikikuta fildi isiyoijua inalitupa lile sharti kimya kimya halafu inaendelea na yaliyobaki, kwako likabaki active=true peke yake. Kama mtoto umemtuma dukani sukari na kitu kingine ambacho hakukisikia vizuri, anarudi na sukari na wala hasemi. Mi binafsi naona bora ingepiga kelele. Admin wenu anaweza kuwasha mpangilio wa mfumo unaoitwa glide.invalid_query.returns_no_rows, hapo sharti likikosewa hupati kitu kabisa, ila ajaribu kwanza kwenye mfumo wa majaribio maana inagusa kila mtu.

Ila hata ukirekebisha jina bado itakusumbua, kwa sababu ndani ya ile fildi hakuna maneno "IT Mwanza", kuna sys_id, ile namba ndefu ya herufi 32. Andika assignment_group.name=IT Mwanza. Na hiyo active=true inabeba pia tiketi mlizokwisha kuzitatua ila hazijafungwa rasmi, kwa hiyo kwa bosi wako ongeza state!=6 (state ni hali ya tiketi, 6 ni iliyotatuliwa), yani:

active=true^assignment_group.name=IT Mwanza^state!=6

Kuhusu Jumatatu, wala tiketi haijapotea siku. Saa zinatunzwa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, saa nane yako ya usiku Jumanne kule ni 23:00 ya Jumatatu. Kwenye ombi la skripti yako weka sysparm_display_value=true, saa zitakuja kwa ukanda wa akaunti inayovuta, hakikisha tu hiyo akaunti imewekwa Africa/Dar_es_Salaam, na hapo hata state itakuja kwa maneno badala ya 2 au 3.

Halafu hiyo akaunti isiwe yako na paswedi yako imekaa wazi ndani ya skripti, nimeona wengi wanafanya hivo, omba ya pembeni yenye haki ya kusoma tu. Lakini ujue rekodi ambazo akaunti hairuhusiwi kuziona zinakatwa, ukipewa haki kidogo sana utapata pungufu.

Kabla hujatuma Ijumaa, hesabu tiketi zilizokuja kwenye majibu, halafu fungua listi ileile kwenye brauza kwa masharti yaleyale uone kama idadi inalingana. Ikizidi, rudi kwenye spelingi. Ikipungua, mtafute admin.