Jioni ya kuamkia harusi: pika chakula kinachoweza kusubiri

Kamati ya harusi ikikaa kikao cha mwisho, kila kitu kina mtu wake: ukumbi, mapambo, keki, gari la maharusi, mshereheshaji, mpiga picha. Ukiuliza Ijumaa jioni watu watakula nini nyumbani, jibu ni lile lile: "Akina mama watajua." Mimi ni mmoja wa hao akina mama. Nimesimamia jiko la jioni hiyo kwa wadogo zangu, kwa mtoto wa kaka yangu na kwa majirani kadhaa hapa Dar es Salaam, na ni kazi ninayoipenda kwa moyo wote. Ndiyo jioni ambayo pande mbili hula pamoja bila itifaki. Kesho yake ukumbini kuna meza kuu na ratiba; leo kuna mkeka na sinia.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: panga chakula hiki kwa kufuata saa.

Angalia jinsi jioni yenyewe inavyokwenda. Mazoezi ya kanisani yamepangwa saa kumi. Msimamizi wa bwana harusi yuko kwenye foleni, bibi harusi bado yuko kwa fundi anapimwa gauni, na watoto wa kubeba maua wanahitaji kurudia kutembea mpaka wazoee. Watu hao watafika nyumbani saa moja, pengine saa mbili. Wageni wa Mbeya waliopanda basi alfajiri wanashuka stendi ya Magufuli usiku, na bado wana safari ya kutoka Mbezi hadi kwenu. Wakati huohuo mafundi wa turubai, vijana wa kupanga viti na bibi waliokuja tangu jana wana njaa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mlo unaanza mapema na unakwisha saa nne au saa tano usiku. Chakula chochote kinachotaka kuliwa papo hapo kitoke kwenye orodha.

Chipsi hulegea. Ugali hupoa ukaganda, na aliyesonga mwanzo hana nguvu tena ya kusonga saa tatu usiku. Samaki wa kukaanga watapendeza kwa wa kwanza tu. Wali wa nazi naupenda sana, lakini nazi huchacha haraka kwenye joto letu, hivyo nauacha kwa siku ambayo watu wote wanakaa mezani pamoja. Vinavyosubiri ni pilau, mtori, maharage ya kuunga kwa nyanya na vitunguu bila nazi, na kabichi au mchicha unaopikwa kidogo kidogo watu wanavyoingia. Kachumbari ikatwe mapema ila chumvi na ndimu viingie bakuli moja moja, kabla tu ya kupeleka. Matunda ni tikitimaji na ndizi mbivu. Yatosha. Vyakula vitano vilivyoiva vizuri vinashinda kumi na viwili vya kubahatisha.

Idadi ya watu huwa inawasumbua wengi. Mimi naanza na wanaolala: chukua simu, pigia kila upande, andika nani anakuja na anakuja na nani. Kisha ongeza wasimamizi, wanakwaya waliokuwa kwenye mazoezi, majirani wa karibu, madereva na mafundi. Madereva na mafundi husahaulika mara nyingi, na ni aibu mtu aliyekufungia turubai juani toka asubuhi akaondoka na njaa. Ukishapata jumla, ongeza moja ya tano juu yake.

Tuseme baada ya nyongeza hiyo umefika watu 80. Kilo moja ya mchele hushibisha watu saba wakubwa kama pilau ndilo chakula kikuu, kwa hiyo nunua kilo 12. Nyama napima robo tatu ya kilo kwa kila kilo ya mchele, yaani kilo 9, na mifupa ya mtori inahesabiwa pembeni. Vitunguu maji vya pilau, kilo 3, na vya kachumbari kiasi hicho tena. Viazi mviringo kilo 4. Mafuta lita mbili na nusu. Vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi kiasi hicho au pungufu kidogo. Binzari nyembamba ndiyo yenye pilau, kwa hiyo iwe nyingi kuliko viungo vingine. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vifuate kwa mkono mwepesi, hasa karafuu. Viungo vinunuliwe vizima, vichambuliwe, vikaangwe kidogo bila mafuta na kutwangwa Alhamisi. Ndizi za mtori zinapatikana kwa bei ya jumla pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Nyama mtume mtu machinjioni Vingunguti alfajiri ya Ijumaa, na ikifika ichemshwe mara moja. Usiiache kwenye ndoo eti mpishi anakunywa chai.

Sasa lile ambalo nalisisitiza kuliko yote: usipike kilo 12 kwenye sufuria moja. Kodi masufuria mawili, kila moja lipike kilo 6. La kwanza liingie motoni saa tisa, liwe tayari kwa wa saa kumi na moja na saa kumi na mbili. La pili lianze saa kumi na mbili, liive saa mbili wakati wa kanisani wameshafika na wa mabasi wako njiani. Nyama na vitunguu vya sufuria la pili vinaweza kuandaliwa mchana pamoja na vya la kwanza, nyama ikabaki kwenye supu yake ikichemka polepole. Hivyo mgeni wa mwisho anakula pilau la moto na ukoko mlaini, sawa na wa kwanza. Kupika sufuria mbili kunaongeza kazi kidogo na kuondoa hofu nyingi.

Mchele ujaribiwe. Hata kama umeandikwa wa Kyela na unanukia, hujui umekaa ghalani muda gani. Mchele mpya hunywa maji machache na ukizidisha unakuwa bokoboko. Wa mwaka jana unataka zaidi. Siku mbili kabla pika nusu kilo kutoka gunia lilelile, pima maji kwa kikombe, uandike. Nyumbani kilo moja hutaka kati ya lita moja na nusu na mbili, lakini kwenye sufuria kubwa mvuke unaopotea ni mdogo ukilinganisha na wingi wa chakula, kwa hiyo napunguza: kwa kilo 6 naanza na lita nane, supu ya nyama ikiwa ndani ya hesabu hiyo, na naweka maji ya moto pembeni ya kuongeza. Maji ya kuongeza yawe ya moto kweli. Ya baridi yanakatisha uivaji, na utapata punje laini nje, ngumu ndani.

Kwenye vitunguu ndipo pilau linapofaulu au kushindwa. Mafuta yapate moto, vitunguu vyote viingie, na mtu akae na mwiko mrefu asiondoke. Mwanzo vinatoa maji na sufuria zima linatoa mvuke mweupe. Hapo wapishi wengi wanachoka na kutia kitunguu saumu. Subiri. Maji yakikauka sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga, na kingo zinaanza kuwa za dhahabu. Endelea kugeuza kutoka chini. Vikifika rangi ya hudhurungi, kama ganda la karanga, na harufu imekuwa tamu, ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi, kisha viungo, kisha nyama. Ukichelewa kidogo hapo vinaungua na pilau lote linakuwa chungu, kwa hiyo vilivyotwangwa viwe vimeshawekwa karibu na mkono. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu hivi. Sioni haja ya rangi za pakiti.

Supu ikichemka tia viazi, halafu mchele uliooshwa na kuchujwa. Geuza kutoka chini mara chache tu. Maji yakishashuka sawa na mchele, funika kwa majani ya mgomba au karatasi ya foili, weka mfuniko, punguza moto wa chini ubaki kidogo sana, na upalie makaa juu. Nusu saa hadi dakika arobaini bila kufunuafunua. Jiko la gesi la nyumbani halibebi sufuria hili. Panga matofali uani, mbali na turubai, na ukague kwamba sufuria limekaa sawa kabla halijapata moto. Watoto wasikatize hapo kabisa.

Kusubiri kwa chakula kuna kanuni yake ya afya, na naomba tuiheshimu, maana harusi ikiharibika kwa matumbo hakuna wa kusamehe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kile kinachosubiri kuliwa kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60. Kwa jiko letu maana yake ni kwamba pilau libaki ndani ya sufuria lililofunikwa, makaa machache chini na juu, na mtu achote linalohitajika tu. Kulipakua lote kwenye mabeseni ya plastiki saa kumi na mbili ili lingoje wa saa tatu ni hatari. Wali una vijidudu vinavyostahimili kupikwa na kuamka chakula kinapokuwa vuguvugu. Mtori na maharage vikae kwenye jiko, vichemke tena kabla ya kila kundi kula. Mtori ukizidi uzito, ongeza supu ya moto. Ndoo yenye koki na sabuni iwe pale watu wanapoingilia, na mapipa ya maji yajazwe tangu Alhamisi, kwa sababu maji hukatika siku usiyoitaka.

Jiko liwe na mkuu mmoja. Ndiye mwenye ufunguo wa stoo na ndiye pekee anayetia chumvi. Kila shangazi na kila mama mdogo atakayeingia uani ataonja, atakunja uso na kunyoosha mkono kwenye kopo. Ni upendo, na haufai kujibiwa kwa ukali. Mimi nimezoea kuinuka na kusalimia: "Shikamoo shangazi, karibu. Chumvi ya pilau imeshatiwa, naomba unionjee mtori wa wazee." Naye atasema, "Marahaba mwanangu, lete kijiko," atavuta kigoda, na kuanzia hapo mtori una mlinzi. Wazee wanataka kuhusika. Mpe kila mmoja kitu kimoja cha kusimamia. Mama mzazi wa bibi harusi, lakini, asipewe chochote. Mwekeeni kiti sebuleni apokee wageni, mleteeni chakula mapema, na apate usingizi.

Ulizeni mapema kuhusu imani na afya. Familia zetu zimechanganyika, na nyumba ya Kikristo inaweza kupata wakwe Waislamu wengi. Nyama na kuku wachinjwe na Mwislamu, na kitimoto kisiingie kabisa jikoni jioni hiyo, hata kwenye sufuria la pembeni. Kuliko kutenganisha miiko na kuishi kwa wasiwasi, ni bora chakula chote kiwe cha watu wote. Wenye kisukari watashukuru wakikuta maharage na mboga za kutosha. Bibi na watoto wadogo wana mtori.

Kupakua, wazee na wakwe kwanza, kisha watoto, kisha waliobaki. Masinia yananifurahisha kuliko sahani: watu watano upande huu na ule wakikaa sinia moja, nusu saa baadaye wanaitana shemeji. Changanyeni pande kwa makusudi. Sahani ziwepo kwa wasiopenda kula pamoja, bila kuwauliza sababu. Na kabla kijiko cha kwanza hakijaingia sufuriani, tengeni sehemu za bwana harusi, bibi harusi na wasimamizi wao kwenye hotipoti zenye majina. Chakula cha bibi harusi kiwe na pilipili kidogo na mafuta kidogo, maana kesho atavaa gauni lililobana toka asubuhi.

Kinachobaki kitandazwe kwenye masinia kipoe haraka, kiingie friji usiku huohuo, na kipashwe moto mpaka kitoe mvuke. Kisichoingia friji kigawiwe majirani kingali moto. Wawili watatu wasiosimamia lolote kesho ndio waoshe masufuria, tena usiku huo, kabla ukoko haujakauka, kwa sababu mwenye kukodisha atakuja kuyachukua wakati nyote mko kanisani. Mkuu wa jiko, kabla ya kulala, abakize mkaa mkavu, majani ya chai, sukari na maandazi yaliyopikwa Ijumaa mchana. Saa kumi na moja alfajiri kuna watu wanaamka kwenda saluni, na hawatakuwa na muda wa kupika.