Deni limelipwa, mbona bado naumia?

Bwana Yesu asifiwe. Haya ni maswali manne ya wiki hii.

Mume wangu amepooza, huu ni mwaka wa tatu. Jirani anasema nitafute dhambi niliyoificha. Mchungaji, Mungu ananiadhibu?

Hapana, mama. Wanafunzi waliuliza hivyohivyo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akakataa yote mawili (Yohana 9). Wewe unayemgeuza mgonjwa usiku na mchana asipate vidonda, usibebeshwe na hatia isiyo yako. Jirani mwenye nia njema aje ashike upande wa pili wa shuka.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, nikala shilingi 340,000. Nimetubu madhabahuni mara tatu, lakini silali. Sijasamehewa?

Umesamehewa, kijana wangu. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, Mungu hutusamehe; haisemi uungame mara tatu.

Nikiwa mdogo, baba aliweka baiskeli yake rehani dukani ili tupate karo. Mwenye duka akaifanyia kazi miezi mitano, akibebea magunia. Siku baba alipokwenda kuikomboa, spoku zilikuwa zimekatika na tandiko limechanika. Hakusema itengenezwe kwanza ndipo alipe. Alihesabu pesa mezani, akaikokota hadi nyumbani, akaanza kuitengeneza mwenyewe, jioni baada ya jioni. Tangu siku ile ilikuwa yetu, ingawa ililia njia nzima.

Ndivyo ninavyolielewa neno kukomboa. Kristo alikufa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi (Warumi 5:8), matengenezo yakafuata. Na kwako matengenezo yana jina: wanakikoba wenzako. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne ili Yesu aingie kwake. Yesu alikuwa ameshaingia. Kwa hiyo nenda kwenye kikao, sema kiasi chote bila kupunguza, omba kulipa kidogokidogo, na ukubali wakikuvua uweka hazina. Itauma sana. Ukitaka mtu wa kukaa kando yako siku hiyo, nitakuja. Nadhani usingizi umekukimbia kwa sababu umeungama kwa Mungu tu, na mama muuza vitumbua aliyeweka akiba yake kwako bado hajui.

Nimeambiwa ninunue mafuta ya upako ili nifunguliwe laana ya umaskini.

Usinunue, dada. Simoni wa Samaria alimpelekea Petro fedha apate nguvu za Roho, akakemewa vikali (Matendo 8). Hela hiyo nunulia watoto unga.

Nimezika watoto wawili. Wakiimba nyimbo za tumaini kanisani, moyo unachomeka. Nifanyeje?

Pole sana, mama yangu. Usijilazimishe kuimba. Njoo ukae, wenzako waimbe kwa niaba yako. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo katika Biblia. Isome kwa sauti ukiwa peke yako. Yesu alijua atamfufua rafiki yake Lazaro, na bado alilia akienda kaburini.

Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga. Nanga ikishashuka huioni, na jahazi linaendelea kuyumba juu yake. Unaweza kuwa umeshikwa na Mungu huku hujisikii chochote.

Niandikie majina ya watoto. Jumapili nitayataja tunapomwombea mama yao.