Watoto juu ya barafu: mchezo au fumbo?

SWALI: Darasani tulionyeshwa picha ya mchoraji Pieter Bruegel ya wawindaji kwenye theluji, tukaambiwa kwamba watoto wanaocheza kwenye barafu ni ishara ya maisha yanayoteleza. Mimi naona watoto wanacheza tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, ila umeliacha swali la mpangilio, ambalo hutangulia lile la ishara. Bruegel aliichora picha hii mwaka 1565, kwa rangi ya mafuta juu ya mbao, akamsimamisha mtazamaji mlimani, nyuma ya wawindaji watatu na mbwa wao waliochoka, ambao mawindo yao yote ni mbweha mmoja. Ufuate mstari wa miti unaoteremka kuelekea kulia, nawe utafika kwenye madimbwi yaliyoganda, ambako watu wamekuwa wadogo kama siafu: huyu anamvuta mwenzake, wale wanapiga mpira kwa magongo, yule ameanguka. Wawindaji wanarudi karibu mikono mitupu, na furaha wanayoiona iko mbali nao, chini kabisa. Hapo ndipo ninapoiona maana ya wale wachezaji, ambao, kwa kweli, si watoto peke yao. Mtoto ambaye wengi humpita bila kumwona yuko kushoto, nje ya nyumba ya wageni, karibu na moto wa kubabulia nguruwe, kazi ya kila mwaka ya majira hayo. Hilo halishangazi, kwa kuwa picha hii ni sehemu ya mfululizo wa majira ya mwaka uliokuwa mali ya Niclaes Jonghelinck, mfanyabiashara wa Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo.

Maelezo ya mwalimu wako yana asili yake, lakini katika kazi nyingine. Bruegel alichora watu wakiteleza nje ya lango la Mtakatifu George mjini Antwerp, mchoro huo ukachapwa, na maneno ya Kilatini kuhusu utelezi wa maisha ya binadamu yakaongezwa katika toleo la baadaye. Kuyahamishia kwa wawindaji bila ushahidi ni kumlisha mchoraji maneno.

Ukitaka onyo lililochorwa waziwazi, itazame picha yake nyingine ya mwaka huohuo, iliyoko Brussels: upande mmoja watu wanateleza kwenye mto ulioganda, na upande wa pili ndege wanadonoa chini ya mtego, yaani ubao mzito ulioegemezwa juu ya kijiti, unaoweza kuwaangukia wakati wowote.