Kukosa mazoezi na kuwekwa benchi
Dada, umeuliza kama ni haki mwalimu kumweka benchi bintiyo wa kidato cha kwanza kwa kukosa mazoezi ya netiboli, na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ndiyo hiyo inakaribia. Kwangu ni haki, mradi sheria hiyo aliwaambia wote mapema. Uwanjani wako saba tu. Mmoja asipozizoea pasi za wenzake, timu nzima inayumba. Ila kama aliumwa au alikuwa na mtihani, hapo asiadhibiwe kabisa. Mwache aende mwenyewe kwa mwalimu, amweleze kwa adabu. Na mkumbushe: mwamuzi akipuliza kwamba amemgusa mpinzani, asimame kando ya mpinzani anayetoa pasi ya adhabu, bila kubishana, mpaka mpira urushwe. Hilo walimu wanaliangalia sana.